Mikindu Mliyompa Mkwe Asiyekuwapo

Sarang'ombe, Kibera,
Nairobi.
Jumatano, mwezi wa saba.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa chumba changu, maana ndani mwanga ni mdogo, na karatasi nimeiweka juu ya goti. Kwa hivyo ukisikia Mwanasha anasitasita anaposoma, usimkemee. Mwandiko wenyewe ndio mbovu leo. Je, hujambo? Ule mguu wa kushoto bado unakufa ganzi ukikaa kusuka? Mjomba Hamisi yuaje na kifua chake? Yule mbuzi mweupe amezaa, au bado anatudanganya kwa tumbo? Mimi mwili wangu ni mzima. Mengine yote, Mama, si mazima.

Mwanasha, sasa nakusemesha wewe dada yangu unayesoma. Funga mlango. Msomee Mama polepole na usiruke mstari hata ukiniona aibu. Ukifika pale nitakapokuambia umwite Mjomba, usiendelee mpaka aje akae.

Mama, lile lori lililokuja huko Jumamosi sikulituma mimi.

Rudia hapo, Mwanasha, najua hatasadiki mara ya kwanza. Sikulituma. Wala hakuna harusi. Sina mchumba, sina mke, hata mtu wa kuniuliza nimelalaje sina, labda yule mama anayeniuzia uji asubuhi, naye ana mume na wajukuu. Mama, mmeng'oa mikindu yenu mkampa mtu ambaye hayupo duniani. Nikikumbuka hivyo natoka jasho, na hapa Nairobi mwezi huu ni baridi ya kuvaa makoti mawili.

Ngoja nianze mwanzo, maana najua mnavyokodoa macho.

Unajua ninafanya kazi kwenye nasari ya miche huko Kabiro, upande wa Kawangware. Kila alfajiri natoka hapa Kibera kwa miguu na mwenzangu Wekesa, yule Mbukusu niliyekusimulia, anayeimba nyimbo za kanisani njia nzima. Mwenye nasari ni Mama Njoki. Ni mtu wa hapo hapo, shamba lilikuwa la baba yake kabla vyumba vya kupanga havijalizunguka. Watu wa majumba makubwa ya Lavington huja na magari yao kununua maua na miti ya bustani. Si mama mbaya. Nikiugua hunipa chai, na siku ya Idi alinipa ruhusa bila mimi kuomba. Nasema haya mapema ili usimchukie bure, kwa sababu aliyekosa hapa ni mwanao.

Mwezi uliopita alikuja mteja anayejenga hoteli. Alitaka bustani ya kipwani katikati ya Nairobi, yenye kidimbwi cha maji, na miti inayoota majini na mchangani. Mama Njoki alikuwa ameshajaribu mikindu mara mbili, akainunua kwa wachuuzi wa barabara ya Mombasa, akaipanda kwenye udongo wetu huu mwekundu wa kunata. Yote ikawa manjano, ikafa. Basi akaniita, akaniuliza mbele ya yule mteja, "Bakari, wewe ni mtu wa coast. Hebu tuambie, hii miti huwa inataka nini?"

Mama, tangu nije Nairobi mwaka wa tisini na mbili, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ninajua nini. Huniambia lete mbolea, mwaga maji, beba ile mikebe. Siku ile nikaulizwa mbele ya mtu wa tai. Kichwa kikavimba. Nikasahau kwamba kuna mambo ya nyumbani hayasemwi sokoni.

Nikawaambia kwamba mkindu haukai peke yake. Nikawaeleza msitu wetu wa majini wa Ziwani kama Bibi alivyotueleza sisi tulipokuwa tukimfuata na vikapu. Ukitoka kwenye minazi unapita mikoma kwanza, pale mchanga mkavu unapochoma nyayo. Mchanga ukianza kupoa unaikuta mikindu, na mizambarau mwitu iko nyuma yake. Maji yakifika kwenye vifundo vya miguu unaikuta mitomondo, inayoning'iniza maua yake kamba kamba na asubuhi yote yako juu ya maji meusi. Katikati kabisa ndiko iliko miwale yenye makuti marefu kuliko nyumba, na nyasi ndefu za ukangaga zimejaa kati yake. Nikawaambia chini ya hayo yote hakuna udongo. Ni mchanga mweupe mtupu, na juu yake majani yaliyooza, unene wa kiganja. Ukitoa mti mmoja ukauweka mahali pengine utakufa, kwa sababu umezoea jirani zake na maji yale na mchanga ule.

Yule mteja alikuwa ameacha mdomo wazi. Mama Njoki akachana karatasi ya mfuko wa simiti, akanipa kalamu. "Nichoree," akasema. Nikachora, Mama. Nikachora vizuri sana. Nikaandika jina la kila mti mahali pake, na njia ya kutoka barabara kuu, na duka la kona, na msikiti, na njia ya mchanga ya kushukia Ziwani. Na mwisho kabisa nikasema kwa mdomo wangu huu, "Mkifika tajeni jina langu tu. Watu wetu watawapokea."

Nilidhani anataka kujua. Nilidhani labda ataleta mchanga kutoka machimbo ya Athi, ajaribu kuchanganya na majani. Sikuwaza lori. Naapa kwa Mungu sikuwaza lori.

Juzi Jumatatu tulifika kazini tukakuta lori limeegeshwa langoni na turubai limefungwa. Mama Njoki hakuwapo bado. Dereva, Mutiso, alikuwa amelala kitini. Mimi na Wekesa tukafungua turubai ili tuanze kushusha kabla jua halijapanda. Kitu cha kwanza kilichonipiga ni harufu. Nilisimama. Nilijua ninaijua, lakini akili ilikataa, maana harufu ile haina kazi ya kufanya Kawangware. Wekesa akashika shina la kwanza akalivuta, mara akaruka nyuma akipiga kelele.

"Wee Baka! Hii nini inatembea? Kuna mdudu hapa, aki ya nani!"

Ni kaa, Mama. Kaa wa Ziwani, yule mdogo mwenye gando moja jekundu, akitoka kwenye mizizi akashuka bodi ya lori upande upande, akaanguka kwenye matope ya Kabiro. Wafanyakazi wakamzunguka wakicheka, mmoja anataka kumuua kwa jembe, mwingine anauliza kama anauma. Mimi sikucheka. Nilitia mkono chini ya lile shina nikachota mchanga. Ulikuwa mweupe, bado una unyevu, na juu yake ile tabaka nyeusi ya majani, kiganja kimoja. Nikamwambia Wekesa, "Hii ni kwetu."

"Kwenu wapi? Coast ni kubwa, buda," akasema. "Miti si ni miti tu?"

Ndipo nikaona mafundo. Kwenye kila shina la mkindu, chipukizi la katikati lilikuwa limefungwa alama ya mwanamke mwenye shina. Moja mafundo mawili, jingine ukili mwembamba uliosukwa, jingine kitambaa. Nikaanza kuyasoma kama mtu anayeita majina msibani. Hili la shangazi Mwanakombo. Hili la Mama Fatuma wa kisimani. Hili la mke wa Mjomba. Na la mwisho, lile kubwa lenye vichwa vitano, lilikuwa na mafundo matatu na kipande cha kanga yako ya rangi ya zambarau. Lile la Bibi, Mama. Lile ulilopewa wewe ulipoolewa, ambalo unakata chipukizi moja unaacha mawili, na ambalo ulinichapa fimbo nilipokuwa mdogo kwa kulikwea. Nilikaa chini kwenye matope. Wekesa alidhani nimeshikwa na malaria.

Mutiso akaamka kwa zile kelele. Aliponiona akacheka kwa furaha, akashuka na kifurushi. "Kumbe ni wewe Bakari! Bwana harusi! Watu wenu wamenilisha mpaka nikashindwa kufunga mshipi." Akanipa kifurushi cha kashata na papa mkavu, na barua yako. Niliisoma nimesimama pale pale, watu wote wakinitazama. Niliposoma pale uliposema, "Mwanangu, nimefurahi hata nimelia, mwambie mke wako hilo la mafundo matatu ni langu na lilikuwa la mkwe wangu, alikate kwa adabu," nilishindwa kuendelea. Nikaikunja, nikaificha ndani ya shati.

Nikamuuliza Mutiso aliwaambia nini. Akanieleza bila kuficha, na naona nikuandikie maneno yake ili ujue hakupanga kuwadanganya.

"Mimi nilifika nikaonyesha ile ramani," akasema. "Dada yako akaangalia akasema, huu ni mwandiko wa kaka. Basi ikawa imeisha. Nikasema Bakari anataka hii miti, mikindu na hiyo mingine, na mchanga wake. Kuna mama mmoja akauliza, ni mikindu ya mke? Sasa mimi najua nini? Nikasema eeh. Wakaanza kupiga vigelegele. Wakaleta pilau. Ningesema nini tena, na nimeshaanza kula?"

Ewe Mama. Nimeelewa kila kitu mara moja, na ndipo nilipoogopa zaidi. Mtu mwingine yeyote, wa kabila lolote, akiona lori la mgeni linataka kung'oa msitu, angeuliza karatasi, angemwita chifu. Ninyi mliona mwandiko wangu na neno mkindu, mkajua moja kwa moja kwamba mtoto ameoa, maana kwetu mwanamume haulizi mkindu mpaka awe na wa kumpa. Na kila mwanamke wa kwetu akatoa shina lake, kama desturi inavyotaka, ili bibi arusi asije akakosa ukindu wa mkeka wake wa kwanza. Ila desturi ni kumfungia mafundo pale pale Ziwani, si kung'oa. Umeandika kwamba hilo lilikushangaza kidogo, lakini ukasema, "Kama mwenyewe yuko Nairobi, ataukata vipi?" Uliwaza kama mama. Siwezi kukulaumu hata kwa unywele mmoja.

Mutiso akaendelea kunisifia. Alisema lori lilizama kwenye ile njia ya mchanga hata kabla ya msikiti, magurudumu yakaingia nusu, naye akakata tamaa akataka kurudi. Kumbe wanaume wa kwetu walipanda minazi wakakata makuti, wakayatandika kutoka barabarani mpaka ukingoni mwa Ziwani, lori likapita juu yake kama harusi ya mfalme. "Sijawahi kuona watu kama nyinyi," akasema. Nami nikamwona Mjomba Hamisi na kifua chake kile, akiburuta makuti kwenye jua kwa ajili yangu.

Mama Njoki alipokuja nilimwendea kabla hajafungua ofisi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakapotea. Nikasema tu, "Mama, hii miti ni ya mama yangu."

Akaangalia, akaniangalia. "Si ndio. Si wewe ndio ulituambia iko kwenu?"

"Nilikuambia iko. Sikukuambia uilete."

"Bakari, mimi sikuiba kitu. Mutiso anasema walipeana na mikono yao, hata wakachimba. Hata wakampikia. Sasa kosa langu ni gani?" Akaingia ofisini akatoka na ile karatasi ya simiti, akaikunjua juu ya meza ya miche. Ilikuwa na alama za vidole vya mchanga. "Na hii ni mkono wa nani?"

Ni mkono wangu. Nilitamani ukatike.

Nikajaribu kumweleza habari ya mafundo, kwamba yale ni majina ya watu. Akasikiliza, na nikaona kweli imemgusa kidogo, kwa sababu aligusa kile kipande cha kanga kwa kidole. Lakini akasema mwenye hoteli ameshaona mchoro wangu, amependa, na hii ilikuwa ya mwanzo tu. Ijumaa hii lori linarudi. Safari hii ni kwa ajili ya katikati, mitomondo mikubwa na miwale, na mchanga gari zima wa kumwaga kidimbwini. Na alitaka niende nalo mimi mwenyewe, niwe mkubwa wa kazi, nichague. "Wewe unaijua. Na watu wako wakikuona watafurahi zaidi," akasema. Alikuwa anatabasamu, Mama. Alidhani ananipa zawadi.

Nikasema siendi. Akauliza kwa nini. Nikasema ukitoa ile ya katikati kisima chetu kitakufa. Akacheka, si kwa ubaya. "Kisima hufa vipi na miti ndio hunywa maji?" Nilijaribu kumweleza mchanga hauwezi kushika maji, kinachoyashika ni ile mizizi na yale majani yaliyooza. Nikamwambia chini ya maji yetu matamu kuna maji ya bahari yanangoja. Nikamwambia habari ya wale jirani zetu wa ng'ambo, waliofyeka mitomondo wapande mpunga, wakavuna misimu miwili, kisha kisima chao kikageuka chumvi, na sasa wanawake wao wanakuja na madebe kuteka kwetu. Hakunisadiki. Mtu wa udongo mwekundu, ambaye akichimba kisima anapiga mwamba, utamweleza nini juu ya maji yanayolala juu ya maji mengine? Ningekuwa mimi ni yeye nisingesadiki pia.

Akasema, "Basi, usipoenda Ijumaa, Jumatatu usikuje. Na Mutiso anajua njia. Jina lako watalijua tu."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yananizuia kula. Kazi itatafutwa nyingine. Lakini lori litakuja tena likitaja jina langu, na ninyi mtaamka kwa furaha mkatandike makuti.

Leo nimekwenda kazini nikaangalia ile mitomondo michanga waliyoleta. Siku mbili tu, Mama, imepukutisha majani yote. Yako chini, bado mabichi, kama watu waliovua nguo wakakimbia. Wekesa amenisaidia kuyafunika mashina yenu ya mikindu kwa magunia na kuyarushia maji, lakini ile mizizi tuliyoikuta imekatwa kwa sururu, na udongo huu unaibana. Shina lako linasimama bado. Mengine mawili vichwa vimelegea. Sitakudanganya kwamba yatapona. Wekesa, ambaye juzi aliniambia miti ni miti tu, leo aliuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mama yako akitaka kusuka atakata wapi?"

Hapa, Mwanasha, mwite Mjomba Hamisi. Mpe kigoda. Ngoja akohoe amalize.

Mjomba, shikamoo. Wewe ndiye kaka ya mama yangu, na neno lako huko ndilo linalosimama, kwa hivyo nakuomba radhi kwanza wewe. Niliitangaza Ziwani yenu kwa watu wasio wake, kwa sababu ya kutaka kusifiwa. Hakuna sababu nyingine. Nimetafuta nyingine kwa siku mbili na sikuiona. Ukitaka kunitoza faini ya mbuzi mbele ya wazee, nitailipa, na ukitaka kunitia bakora nitakuja na mgongo wangu. Lakini hilo liwe baadaye.

Lori litaondoka hapa Ijumaa, litafika kwenu Jumamosi. Nimeuliza simu ya kibanda hapa Kibera, lakini huko kwetu hakuna mahali pa kupokea, na posta itachukua wiki mbili. Ndiyo sababu barua hii anaileta Bi Rehema kwa mkono wake. Ni jirani yangu wa Makina, anakwenda kumwona binti yake Likoni, na tikiti yake ilikuwa tayari. Alipoona nalia aliahidi atavuka feri na kuendelea mpaka mlangoni kwenu kabla ya kufika kwa mwanawe. Tafadhalini mpeni chakula na mahali pa kulaza ubavu. Mimi nauli sina, na hata ningekuwa nayo, Mjomba, uso wa kuingia nao hapo uwanjani sijaupata bado.

Nisikilize sasa. Msigombane na Mutiso. Msipige mtu, msiteketeze kitu, msije mkapelekwa polisi kwa ajili yangu. Mutiso ni mtu wa kawaida, ameniambia mwenyewe, "Mimi ni dereva. Wakikataa nitageuza, sitabishana na watu walionipa pilau." Nawaomba jambo moja tu. Msitandike makuti. Yale ya Jumamosi iliyopita yaondoeni leo hii, hata yaliyofukiwa na magurudumu, myachimbue moja moja. Bila makuti yenu lori halifiki hata msikitini. Halikufika Ziwani kwa nguvu zake lile, lilibebwa na mapenzi yenu. Yaondoeni, na mchanga utafanya kazi iliyobaki.

Na yale mashimo waliyoyaacha, msiyaache wazi kwa sababu vuli ikifika maji ya mvua yatayapanua. Yajazeni mchanga ule ule wa kando yake, kisha kusanyeni majani chini ya mitomondo iliyobaki, mfunike juu. Shangazi wanajua machipukizi ya kando yanayotengwa na mama yake bila kumuumiza. Yapandwe pale pale, na mbuzi wafungwe. Mama, yule mbuzi wako mweupe ndiye wa kwanza kufungwa, namjua. Halafu mwonje maji ya kisimani kila asubuhi, na Mwanasha aniandikie yana ladha gani. Usinifariji, Mwanasha. Niandikie ladha yenyewe.

Mama, sasa ni wewe tena. Najua umefunika uso kwa kanga. Najua umewaambia watu kwenye mazishi, kwenye maulidi, kisimani, kwamba Bakari wako ameoa. Labda umeshaanza kusuka mkeka. Itabidi uende ukawaambie hapana, na watakaokucheka watakuwapo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kazi na kuliko njaa, kwamba nimekufanya utoe kitu chako cha thamani kuliko vyote kwa furaha, halafu nakwambia furaha yenyewe ilikuwa ya uongo. Nisamehe. Ukishindwa kunisamehe mwaka huu nitangoja.

Nisalimie shangazi Mwanakombo, dada yake marehemu baba, aliyetoa shina lake ilhali ana binti wawili wasioolewa. Mwambie siku nikioa kweli nitakuja kumwambia mwenyewe kwa mdomo, na sitakuja na karatasi. Msalimie Mama Fatuma wa kisimani, jirani yetu mwema, na mke wa Mjomba aliyepika ule pilau. Wasalimie wanaume wote waliopanda minazi. Waambie migongo yao naiomba msamaha. Msalimie mwalimu wa chuo cha Kurani aliyenifundisha kuandika, ila usimwambie niliutumia vipi mwandiko wake.

Na Jumamosi, lori likisimama pale barabarani, mtu akashuka na karatasi mkononi akasema ametumwa na Bakari, usiutazame mwandiko, Mama. Mtazame yeye usoni umwambie kwamba hapa hakuna anayemjua Bakari, na kwamba wewe huna mtoto Nairobi. Sema kwa sauti ili na shangazi wasikie, wasije wakamhurumia wakatandika makuti tena. Mimi siku hiyo nitakuwa nimekaa hapa mlangoni tangu asubuhi, nikimwomba Mungu unikane.

Mwanao,
Bakari